Kabla hujasaini treila, ingia kwanza chini ya sakafu yake

Ndugu yangu uliyefika Texas mwaka huu au mwaka jana, umechoka na kodi ya apatimenti inayopanda kila mkataba ukiisha. Njiani kwenda kazini unapita uwanja wenye nyumba zimepangwa safu, bendera zinapepea, na bango linasema vyumba vitatu, mabafu mawili, kianzio kidogo. Unaanza kupiga hesabu kichwani. Mimi pia nilizipiga.

Sikukatazi. Nyumba ya kiwandani, ambayo wengi wetu tunaiita treila, ni makazi ya heshima, na kwa familia ya mishahara miwili ya ghalani inaweza kuwa mlango pekee ulio wazi. Ila ujue kwamba mbele ya sheria ya huku nyumba hiyo inaweza kuwa vitu viwili tofauti. Ikiwa imefungwa kwenye msingi juu ya ardhi yako, na karatasi zinasema hivyo, ni mali isiyohamishika. Ikiwa imeegeshwa kwenye kiwanja cha kukodi, ni mali inayohamishika, jamaa ya gari. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayenipigia simu si bei. Ni hili: ardhi ni ya nani?

Mkopo wa nyumba bila ardhi hupatikana haraka, mara nyingi pale pale uwanjani kwa muuzaji, na ndipo wengi wetu tunapoingia bila kuuliza. Riba yake huwa ya juu, muda wake huwa mfupi, kwa kawaida miaka 15 au 20, na ukishindwa kulipa, aliyekukopesha huweza kuichukua nyumba upesi kuliko ambavyo angeweza kwa nyumba iliyo pamoja na ardhi. Tena kodi ya kiwanja inabaki palepale, na mwenye kiwanja anaweza kuipandisha. Wewe unasema utaihamisha nyumba, lakini kuihamisha ni maelfu ya dola.

Mkopo wa rehani wenye dhamana ya serikali, ule wa FHA, una kianzio cha asilimia 3.5 kama alama zako za kredi, yaani kipimo cha jinsi unavyolipa madeni, ni 580 au zaidi. Masharti yake kwa nyumba hizi ni makali. Iwe imejengwa tarehe 15 Juni 1976 au baadaye, siku viwango vya taifa vya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, vilipoanza kutumika. Isipungue futi 400 za mraba. Iwe juu ya msingi wa kudumu, na mhandisi mwenye leseni aandike barua kuuthibitisha msingi huo. Na iwe imetoka kiwandani au kwa muuzaji moja kwa moja hadi hapo ilipo.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Nyumba yangu ya kwanza niliyoitamani ilikuwa na ekari moja na mti mkubwa wa kivuli. Nikalipa arubuni, nikamlipa mthamini. Wiki ya nne mkopeshaji akanijulisha kwamba nyumba ile iliwahi kukaa kaunti nyingine, na mkopo ukafa. Aliyeniuzia alikuwa anajua, hakusema. Mke wangu alikuwa ameshachagua chumba cha watoto. Pesa ya mthamini haikurudi, na arubuni ilirudi nusu.

Kumbe ningeweza kulijua jambo hilo bure kabla sijatoa hata senti. Hapa Texas, idara ya nyumba ya jimbo, TDHCA, ina kumbukumbu za umiliki wa nyumba za kiwandani, na mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwenye tovuti yake. Utaona nyumba imesajiliwa kaunti gani, nani amesajiliwa kuwa mmiliki, kama kuna mkopeshaji anayeidai nyumba, na kama kuna deni la kodi ya kaunti. Kaa na muuzaji mezani ukiwa umeshasoma.

Ili utafute unahitaji namba, na namba ziko sehemu mbili. Ya kwanza ni kibati chekundu cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, kimepigiliwa nje kwenye ukuta wa nyuma. Nyumba ya vipande viwili ina vibati viwili. Ya pili ni karatasi iliyobandikwa ndani: fungua kabati za jikoni, tazama karibu na boksi la umeme, tazama kabati la nguo la chumba kikubwa. Inataja kiwanda, tarehe, namba ya kiwandani ya nyumba na ramani ya kanda za upepo. Kama kibati kimeng'olewa, HUD haitoi kingine, bali shirika la IBTS hutoa barua ya uthibitisho. Agiza barua hiyo mapema, usisubiri wiki ya kusaini.

Ramani ya upepo usiipuuze ikiwa unaelekea pwani. Baada ya kimbunga Andrew cha 1992 kanuni zilikazwa mwaka 1994, na nyumba ya Kanda ya 1, ile ya upepo mdogo, iliyojengwa tangu Septemba 1997 haitakiwi kusimikwa kaunti za Galveston au Brazoria, ambazo ni Kanda ya 2.

Sasa ukaguzi. Watu watatu watakuja, na wageni wengi huwachanganya. Mthamini anatazama bei kwa ajili ya benki. Mhandisi anatazama msingi peke yake. Mkaguzi ni wako, unamlipa wewe, na hakuna atakayekulazimisha kumwita. Mwite. Mchague anayezijua nyumba za kiwandani na aliye tayari kulala kifudifudi kuingia chini. Akikwambia atachungulia tu kutokea mlangoni, tafuta mwingine.

Vaa nguo kuukuu uingie naye. Tazama nguzo za zege zinazobeba nyumba. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa huku Dallas hufura kwa mvua na kupasuka kiangazi, na nguzo huyumba nao. Juu yako utaona plastiki nyeusi iliyofunika tumbo la nyumba. Ikiwa imechanika na kuning'inia, au imebeba maji kama kiriba, kuna bomba linavuja juu yake. Shika mikanda ya chuma inayoifunga nyumba ardhini. Isiwe imelegea wala kuliwa na kutu. Ndani, mabomba ya plastiki ya kijivu ya miaka ya 1978 hadi 1995 hupasuka bila taarifa. Kanyaga sakafu kwa uzito wako wote kuzunguka choo na mashine ya kufulia. Ikibonyea, mbao imeoza. Kisha funga kila mlango. Mlango unaokwaruza fremu unakwambia nyumba imeinama.

Ukinunua pamoja na ardhi, kazi haiishi siku ya kupewa funguo. Hati ya umiliki lazima iseme umechagua nyumba iwe mali isiyohamishika, na nakala yake isajiliwe kwenye ofisi ya kumbukumbu za kaunti. Nenda mwenyewe kaunti baada ya wiki chache, taja jina lako, uombe kuiona.