Ini halina uvimbe, lina mchochota

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Katika insha yangu niliandika, "Mikro-RNA huchangia uvimbe wa ini kwa wazee." Mwalimu amelizungushia wino mwekundu "mikro-RNA" na kusema si Kiswahili. Nitumie neno gani? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Dada yangu, wino umemwagwa kwa neno lisilo na hatia, na lenye kosa limepita.

"Mikro-RNA" ni sawa. Mikro ni Kigiriki, maana yake -dogo. Iweke katika ngeli ya I-ZI: mikro-RNA hii, mikro-RNA hizi. Ni kipande kifupi cha RNA, molekuli ya seli iliyo ndugu wa DNA, chenye herufi za kikemia 22 hivi, kisichotengeneza protini bali hunyamazisha RNA nyingine iliyobeba maagizo ya kuitengeneza. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliitangaza mwaka 1993 baada ya kuchunguza mnyoo wa milimita moja tu, na mwaka 2024 wakatuzwa Nobel. Basi, hilo limekwisha.

Linalonichoma ni "uvimbe". Uvimbe ni kitu kilichotokeza: jipu, tezi, nundu kichwani baada ya kujigonga mlangoni. Mkenya akiambiwa ana uvimbe ndani ya mwili, jambo la kwanza linalomjia ni saratani. Mjomba wangu wa Njoro alipimwa tumbo katika hospitali moja, na aliyemsomea majibu akamwambia, "Mzee, una uvimbe kwenye ini." Jioni hiyo hakula. Kabla ya Jumapili, kundi la familia kwenye WhatsApp lilikuwa limegeuka kamati ya harambee, na ng'ombe wa maziwa, aliyekuwa akilipa karo ya wajukuu wawili, akauzwa. Wiki tatu baadaye daktari wa pili aliisoma karatasi ileile: hapakuwa na uvimbe wowote, ini lilikuwa na mchochota (inflammation kwa Kiingereza, yaani mwili kujihami unapoumizwa) uliotokana na dawa alizokuwa akimeza. Akaziacha, akapona. Ng'ombe hakurudi.

Mchochota, dada. Neno tunalo. Kidonda kikiuma kwa moto wa ndani, tunasema kinachochota, na mchochota umetoka hapo. Warumi nao walitumia neno la kuwasha moto kwa hali hiihii. Celsus, mwandishi wao wa mambo ya tiba, alizitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe ni mmoja tu kati ya hizo nne. Kuuita mchochota uvimbe ni kama kuita malaria kutetemeka.

Na kwa ini la mzee kosa linazidi, maana ini hupungua ukubwa kadiri mtu anavyozeeka. Linasinyaa, nawe unasema limevimba! Mchochota wa uzeeni ni wa chinichini, wa miaka mingi, usioonekana kwa macho. Mikro-RNA iitwayo miR-34a huongezeka katika ini linalozeeka na kuibana protini ya SIRT1, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuutuliza mchochota. Kizuizi kikilegea, moto hupata nafasi. Hakuna popote hapo kitu kilichotokeza.

Wapo watakaosema watu hawalijui "mchochota". Watalijuaje ikiwa wauguzi hawalitamki? Anayeandika "inflamesheni" nitamvumilia, kwa kuwa angalau hamtishi mgonjwa. "Homa ya ini" pia naiacha, ingawa wengi wenye hepatitisi hawana homa yoyote. Jina limeota mizizi na kila mtu anajua ni ugonjwa gani. Lakini "uvimbe" kwa mchochota sikubali, kwenye insha wala wodini.

Hata "huchangia" ibadilishe. Tunachangia harusi na matanga, ugonjwa tunauchochea. Andika hivi: "Baadhi ya mikro-RNA huchochea mchochota katika ini linalozeeka." Nasema baadhi, kwa sababu miR-122, ambayo ndiyo nyingi kuliko zote katika ini, hulilinda. Kisha mpelekee mwalimu wako, na umwombe aangalie alikoweka wino.