Maswali ya Wasomaji: Ukuta Mmoja, Mistari Miwili

Swali: Tumepima barabara ya mjini kwa skana ya leza iliyofungwa juu ya gari, tukaenda na kurudi. Kwenye kompyuta ukuta wa duka moja umetoka mara mbili, mistari imeachana sentimita 18. Turudie kwa skana ya stendi?
*Msomaji, Tanga*

Jibu: Msirudie kabla ya kujua kosa lilipo. Kateni wingu la nukta (nukta zote zilizopimwa na leza) kipande chembamba cha sentimita 10, mkitazame kutoka juu, sehemu nne au tano za barabara.

Pengo likiwa lilelile kote, shukuni kipimo cha kutoka skana hadi antena ya GPS. Mkikosea sentimita 9 kwa ubavu, mtaona 18, kwa kuwa wakati wa kurudi gari limegeuka na kosa limehamia upande wa pili. Kateni barabara kwa mapana pia. Nyuso mbili za lami zikipishana kama mkasi uliofunguka, skana imefungwa kwa kulalia upande, digrii 0.1 tu huhamisha nukta iliyo mita 50 karibu sentimita 9. Yote mawili husahihishwa ofisini.

Pengo likija na kupotea, hasa chini ya miembe au kati ya maghorofa, setilaiti zilizibwa. Hapo kihisi cha mwendo kilichofungwa na skana hubaki peke yake kukadiria gari liko wapi, na kila sekunde kinazidi kupotoka. Pigeni alama za rangi nyeupe kila mita 100 za kipande hicho, mzipime kwa totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali), kisha kwenye kompyuta mvute njia ya gari izifuate. Bakizeni alama chache za kukagulia tu. Na siku nyingine, gari lisimame mahali peupe dakika 5 kabla ya kuanza na 5 baada ya kumaliza.

Swali: Skana ya stendi, tumeisimamisha vituo 9 kuzunguka jengo. Kila kiungo cha kituo na jirani yake kinasoma kosa la milimita 3, ila kituo cha mwisho hakifungi na cha kwanza: pengo la sentimita 4!
*Msomaji, Mombasa*

Jibu: Milimita 3 ni ya jirani kwa jirani, mpindo mdogo wa kila kiungo hujikusanya. Ungeni kituo cha 9 na cha 1 kwa tageti (alama za kubandika zinazoonekana na skana kutoka vituo vyote viwili) zisizopungua 3, zisizo kwenye mstari mmoja, nyingine juu nyingine chini, ndipo mkokotoe vituo vyote kwa pamoja. Kagueni pia zilikobandikwa: tageti ya mlangoni huhama mtu akifungua mlango kati ya kituo na kituo.