Maswali ya Wasomaji: Paka wa rangi tatu na RNA inayompaka mabaka

SWALI: Nina paka jike wa rangi tatu: nyeusi, ya machungwa na nyeupe. Amezaa mara mbili na sijaona dume hata mmoja aliyemfanana. Nimtafutie dume wa rangi tatu? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Usijisumbue, ndugu msomaji. Katika paka 3,000 hivi wa rangi tatu, dume ni mmoja tu, naye huwa na kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) XXY badala ya XY ya dume wa kawaida, na karibu kila mara ni tasa.

Jeni ya rangi ya machungwa, ARHGAP36, imo kwenye kromosomu X. Mwaka 2025 watafiti wa Marekani na Japani walionyesha kwamba paka wa machungwa wamepungukiwa ndani yake na kipande cha DNA cha herufi kama 5,000. Pengo hilo huiamsha jeni kwenye seli za rangi, nazo huacha kutengeneza weusi. Dume wa kawaida ana X moja tu, kwa hiyo huwa mweusi au wa machungwa. Jike ana mbili, na kila seli yake huzima moja.

Anayezima ni Xist, RNA (nakala ya kipande cha DNA) isiyotengeneza protini yoyote. Wapo wanaoziita RNA za namna hii takataka, wanakosea sana. Xist hutoka kwenye X ile ile itakayozimwa, huifunika yote, kisha huita protini za kuifunga. X ipi izimwe ni bahati tu. Hayo hutokea kiinitete kikiwa bado kichanga, na seli zote zinazozaliwa baadaye hufuata uamuzi wa seli mama. Ndiyo maana yanatokea mabaka. Weupe ni jambo jingine: seli za rangi hazikufika hapo.

Mwaka 2001 huko Texas, paka wa rangi tatu aitwaye Rainbow alinakiliwa, yaani seli yake moja ilitumiwa kutengeneza paka mwenye DNA ile ile. Nakala yake, CC, haikuwa na machungwa hata kidogo, kwa sababu seli iliyotumika ilikwisha kuizima X ya machungwa.

Sasa hesabu yako. Paka wako akipandwa na dume mweusi au wa machungwa, tarajia nusu ya watoto wa kike wachanganye rangi. Jike mweusi kabisa akipandwa na dume wa machungwa, binti zake wote huchanganya, ila weupe lazima urithiwe kando. Paka wako akiwa kwenye joto mfungie ndani na dume uliyemchagua: akizurura, mimba moja inaweza kuwa na watoto wa baba tofauti, na hesabu yote itavurugika.