Msimpe timu peke yake

Msimpe! Umeandika kwamba timu yenu hapo Pemba inaburura mkia, mechi zimebaki nane, na kesho baada ya Isha kamati inakaa kumfukuza kocha na kumkabidhi timu mshambuliaji wenu wa zamani. Umeuliza habari za leseni, posho, na kama aje na benchi lake. Nimeshindwa kulala bila ya kukujibu.

Sisi tulifanya hivyo hivyo, na barua niliiandika mimi, katibu. Tuliwafukuza kocha na msaidizi wake siku moja, kesho yake tukampa filimbi nahodha wetu wa zamani, hata mwaka haujatimia tangu aache kucheza. Watoto wa mtaa walimsindikiza mazoezini kwa nyimbo. Mechi ya kwanza tukashinda 2-0, tukaona dawa imepatikana.

Mechi ya tatu ndiyo iliyotumaliza. Beki wetu wa kati ni shemeji yake kocha, kamuolea dada yake. Goti lilikuwa limevimba tangu juzi yake, na kila mtu kaliona, maana alikuja amelifunga bendeji. Kocha akampanga. Kipindi cha pili akaanza kuchechemea, ubao ukainuliwa atoke. Jamaa akatazama benchi, akatikisa kichwa, akarudi zake kwenye nafasi. Mwamuzi anangoja, kijana wa akiba kasimama kwenye mstari jezi kaichomekea, kocha anamtazama shemeji yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi, mwacheni kwanza." Haikupita dakika tano, mshambuliaji wao akampita upande wa goti lile lile. Bao.

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Kwenye benchi hapakuwa na mtu mzima hata mmoja wa kumwambia "mtoe". Tulikuwa tumeshawafukuza wote.

Baada ya siku ile wachezaji walijua kwamba hawezi kumtoa mtu. Mazoezi ya saa kumi wakawa wanafika saa kumi na moja. Wenziwe aliocheza nao wakimwita jina lake la utani mbele ya vijana wadogo. Hawakumdharau kwa ubaya, walimzoea tu. Jana yake walikuwa wakivaa viatu pamoja. Tukashuka daraja.

Na aliyetutia humo ni mfadhili wetu. Alikuja kikaoni akasema, "Mbona Zidane, mchezaji wao wa zamani, kapewa Real Madrid na kachukua ubingwa wa Ulaya mara 3 mfululizo?" Tukanyamaza, kwa sababu nauli za timu anatoa yeye. Hakutwambia, na mpaka leo sijamsamehe, kwamba Zidane alikaa msimu mzima wa 2013/14 benchi moja na kocha mkuu Ancelotti, akiwa msaidizi wake, akaenda kufundisha timu ya pili, Castilla, ndipo Januari 2016 akapewa timu kubwa. Hata Guardiola, kabla ya kupewa Barcelona yenyewe, alianzia timu yao ya pili, Barcelona B. Pirlo, kiungo wao wa zamani, ndiye aliyepewa Juventus mwaka 2020 bila ya kufundisha timu yoyote, na msimu ulipokwisha wakamtoa, ubingwa waliouchukua miaka 9 mfululizo umewaponyoka.

Tena tuna mfano wa kwetu, wa nini kwenda Ulaya? Kocha Hemed Morocco aliifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati 2017 kule Machakos, tukafungwa na Kenya kwa penalti. Na jina lote lile, Taifa Stars aliingia kama msaidizi. Kocha mkuu Amrouche alipofungiwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, Januari 2024, katikati ya AFCON, Morocco akaishika timu akiwa anamjua kila mchezaji, na wao wamemzoea akiwa kocha.

Kwa hivyo mwekeni awe msaidizi, msimu mzima, pembeni ya kocha mwengine. Kama huyu mliye naye hamumtaki kabisa, tafuteni mzee mwenye leseni hata kutoka wilaya nyengine mumlipe nauli mpaka ligi iishe. Leseni waulizeni ZFF wenyewe, shirikisho letu la soka Zanzibar, msisikilize ya maskani.

Kijana wetu yule alikuwa akipita barazani watu wanasimama kumpa mkono. Sasa anazunguka njia ya nyuma, na kiwanjani hajakanyaga tena.

Mwenyekiti wenu akikataa kusikia, niandikie kikao kiko wapi. Nitafunga safari nije nimwambie mwenyewe.