Jibu: Wino kutoonekana kwenye kadi nyeusi za Halloween

Dada, umeuliza kwa nini popo na maboga unayogonga kwa muhuri kwenye kadi za Halloween (sikukuu ya Oktoba 31) hupotea wino ukishakauka kwenye karatasi nyeusi. Hilo halitokani na mkono wako. Ni aina ya wino. Ule mwepesi wa maji humezwa na karatasi, na juu ya weusi haubaki kitu. Tafuta wino mzito wa pigimenti (chembe za rangi zisizoyeyuka), mweupe au wa rangi ya chungwa, maana huo hukaa juu ya karatasi.

Ila hukauka polepole, na hapo ndipo penye uzuri wake: unga hupata muda wa kuushika. Kabla ya kugonga muhuri, pangusa kadi kwa poda ya mtoto, kidogo sana, kuondoa mafuta ya vidole. Gonga, kisha, wino ukiwa bado mbichi, nyunyizia unga wa kuchapia (embossing powder), ule unaoyeyuka kwa joto. Kung'uta uliozidi uurudishe koponi, halafu upitishe kifaa cha hewa moto. Utaona chembe zinayeyuka ghafla, mchoro unainuka na kung'aa. Mashine ya kukaushia nywele haifai kabisa: inapeperusha unga na joto lake ni dogo.

Watoto wape kiazi kilichokatwa nusu wachonge boga, kiwe muhuri wao. Wakichonga herufi, waziandike kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili zikigongwa zisomeke sawa.

Na kwa kuwa unazituma kwa posta huko huko Marekani, usikate kadi za mraba. Bahasha ya mraba hutozwa zaidi. Karatasi ya inchi 8.5 kwa 11 ikikatwa katikati na kukunjwa inatoa kadi mbili za saizi nzuri.