Kiwiliwili cha nzi wa kuelea: sufi, tausi au sponji?

Anayeanza kufunga nzi wa kuvulia samaki aina ya trauti, yaani chambo bandia cha manyoya na uzi juu ya ndoana, hutoa pesa nyingi kwa manyoya ya shingo ya jogoo, kisha kiwiliwili anakizungushia chochote kilichobaki mezani: uzi wa kudarizi, sufu ya sweta kuukuu, hata pamba. Nzi akitoka kwenye jiliwa anapendeza. Akitupwa mtoni mara ya tatu, anazama. Lawama zinamwangukia jogoo, na kosa ni la pamba.

Tuanze na hesabu. Chuma cha ndoana kina uzito wa karibu mara 8 ya maji. Polipropilini, inayosifiwa sana kwa kuelea, ina uzito wa takriban 0.9 ya maji, maana yake gramu moja iliyozama inainua moja ya kumi ya gramu tu. Kwenye ndoana ndogo ya namba 14 hutaweza kufunga polipropilini ya kutosha kubeba chuma hata ukijaza mpaka nzi afanane na mkungu wa ndizi. Kinachomshikilia juu ni utando wa maji wenyewe, ambao manyoya ya kola (yale ya jogoo yanayozungushwa karibu na tundu la ndoana) na ya mkia huukanyaga bila kuutoboa. Kwa hiyo kiwiliwili hakiajiriwi kuelea. Kimeajiriwa kutokunywa maji. Nailoni (1.14) na poliesta (1.38) ni nzito kuliko maji, lakini hazinywi kiasi cha kutisha. Pamba ni takriban 1.5 na inakunywa kama ngamia, ndiyo maana uzi wa kudarizi, pamoja na rangi zake zote nzuri, haufai kitu hapa.

Kila kitu kipya kipimwe kwanza kwenye glasi. Jaza maji ya bomba, chukua finyo la nyenzo lenye ukubwa wa punje ya mahindi, lisukume kwa kibano mpaka chini, libane mapovu yatoke, liachie. Likirudi juu haraka na kukaa juu dakika 5, endelea nalo. Likirudi polepole, litahitaji mafuta ya silikoni. Likibaki chini, litafaa nzi wa kuzama. Usioshe glasi kwa sabuni halafu ukaisuuza nusunusu, kwa sababu sabuni kidogo tu inaua utando wa maji na kukuonyesha kwamba kila kitu kinazama.

Jambo la pili ni maji unayoyavulia. Gura, mto wa Kenya ulikotiwa trauti mwaka 1905, na jirani zake Chania, Mathioya na Thiba ni mito ya kasi, maji yake yanapasuka juu ya mawe, na samaki ana nukta moja ya kuamua. Huko kiwiliwili chenye vinyweleo kinafaa, maana kinashika viputo vya hewa na hakuna anayekikagua. Kwenye vidimbwi vilivyotulia na mabwawa ya milimani trauti hupanda polepole, hutazama, halafu hugeuka. Hapo unahitaji kiwiliwili chembamba na laini.

Kwa maji ya kasi, chaguo letu la kwanza ni sufi. Siyo sufu, sufi: ile ya mti wa msufi, inayojazwa kwenye mito ya kulalia. Kila unyuzi wake ni mrija mtupu uliojaa hewa na kupakwa nta ya asili, na kwa sababu hiyo ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea kabla ya sponji za kisasa. Haigharimu, na kwenye glasi huizamishi bila kugombana nayo. Hakikisha tu kwamba ni sufi kweli, kwani mito mingi ya leo imejazwa poliesta. Sufi ina rangi ya maziwa yaliyoiva kidogo, inang'aa, nyuzi zake ni fupi za sentimita 1 hadi 3, na mara nyingi utakuta mbegu nyeusi ndani. Poliesta ni nyeupe pe, nyuzi ndefu, na ukiigusisha moto inayeyuka kuwa shanga ngumu badala ya kuungua ikawa jivu.

Tatizo la sufi ni utelezi. Ile nta inayofukuza maji inafukuza uzi pia, na ukiisokota peke yake inafunguka ukiwa bado unazungusha. Ichanganye na manyoya ya ndani ya sungura wa kufugwa: sufi mafungu mawili, sungura fungu moja, kwa ujazo na siyo kwa mizani, maana sufi haina uzito wa kupima. Ongeza singa chache fupi za sikio la sungura zishike mchanganyiko. Funga dirisha, zima feni. Weka finyo juu ya finyo, lichane kwa vidole, lipange tena, lichane tena, mara 10 hadi 15, mpaka usione mistari. Manyoya mengine watu huyachanganya ndani ya chupa ya maji ya sabuni. Sufi usithubutu: maji ya moto na sabuni yanaondoa nta, na ukishaondoa nta umebaki na nyasi.

Nta hiyo hiyo inazuia rangi kushika. Usihangaike kuchemsha sufi kwenye rangi ya nguo. Tia rangi manyoya ya sungura, kisha changanya; sufi yenyewe itapooza ile rangi na kuifanya ionekane kama mdudu hai kuliko rangi kavu ya kiwandani.

Kusokota sasa. Paka nta ya nyuki kwenye sentimita 5 za uzi. Asubuhi ya baridi kule Nyeri nta inakuwa ngumu kama jiwe, ipashe kwanza kati ya vidole. Kwa ndoana namba 14 unahitaji finyo lililochambuka lenye ukubwa wa harage. Ukiona limetosha, punguza nusu. Ligusishe kwenye uzi kidogo kidogo, usokote kuelekea upande mmoja tu. Anayesokota kwenda na kurudi anafungua kwa mkono wa kurudi alichokifunga kwa mkono wa kwenda, na hapo ndipo wengi wanapolaumu nta bure. Unataka kamba nyembamba ya sentimita 4, mwanzo wake karibu uzi mtupu, ikinenepa kuelekea mwisho, isipite milimita 1. Anza kuzungusha pale mti wa ndoana unapoanza kupinda, kila mzunguko uguse mwenzake, na usimame milimita 2 kabla ya tundu. Milimita hizo ni za kola na fundo. Ukizila, utamalizia fundo juu ya tundu, na mtoni utajikuta unalitoboa kwa sindano huku samaki wanaruka.

Uzi wenyewe uwe mwembamba, denia 70 (denia ni kipimo cha unene wa uzi) kwa namba 14 kwenda chini (tukumbushane, namba ikikua ndoana inapungua). Uzi wa cherehani ni mnene mno. Mizunguko kumi ya kushikia mkia tayari imekupa tumbo kabla hujaweka tumbo.

Usipopata sufi, kuna polipropilini ya bure: mfuko wa salfeti wa sukari au unga. Utepe wake mmoja, ukichanwa kwa sindano kwenda urefu, unapasuka kuwa nyuzi nyembamba. Kata vipande vya sentimita 2 na uchanganye na sungura nusu kwa nusu. Chagua mfuko uliokaa ndani. Uliopigwa na jua miezi kadhaa unavunjikavunjika kuwa unga mkononi.

Vitabu vya kigeni vitakutajia manyoya ya wanyama wa majini. Nzi aitwaye Adams, aliyefungwa Michigan mwaka 1922, kiwiliwili chake ni manyoya ya ndani ya panya wa majini wa Amerika, na sababu ni nzuri: mnyama anayeogelea kwenye baridi ana manyoya mazito yasiyolowa hadi ngozini. Usitafute mbadala kwa fisi maji. Na yule atakayekuletea singa za mbuzi mawe, yule swala mdogo wa miambani, akikwambia ni mrija mtupu na zinaelea, anasema kweli, na bado umkatae. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamtia hatiani anayekutwa na sehemu ya mnyamapori bila kibali. Tanzania nayo inataka vibali. Sungura, bata, jogoo na tausi wa kufugwa wanatosha.

Tausi ana viwiliwili viwili kwenye unyoya mmoja, na watu huvichanganya. Nyuzi zilizo chini ya jicho la mkia ni nene, zina vinyweleo vya kijani kinachometa, na zinatoa kiwiliwili kizuri cha mbawakawa au sisimizi. Udhaifu wake ni kukatika: jino moja la trauti, na yote inafunguka. Usifunge unyuzi mmoja. Chukua mitatu, kata ncha zake sentimita 1 kwa sababu hapo ni dhaifu, sokota pamoja na uzi wa kufungia mpaka ziwe kamba moja, kisha zungusha. Uzi ukiwa katikati, hata unyuzi mmoja ukikatika mingine inabaki.

Nyuzi za ndani ya jicho lenyewe zina siri nyingine. Ukiondoa vinyweleo unabaki na uti mwembamba wenye rangi mbili, nusu kahawia iliyokolea, nusu krimu, na ukiuzungusha unatoa pingili kama za mdudu wa mtoni. Kwa maji yaliyotulia hatujaona kiwiliwili kinachouzidi. Kama ni nyuzi chache, laza unyuzi mezani na uusugue kwa raba ya kufutia kutoka nchani kwenda shinani. Kama unataka jicho zima, changanya kijiko 1 cha jiki na vijiko 3 vya maji kwenye sahani nyeupe, zamisha jicho, litikise kwa kibano. Vinyweleo vitaanza kuyeyuka ndani ya dakika 1 hadi 3. Usigeuke kuongea na mtu. Sekunde vinapoisha, toa, suuza kwenye maji safi mara mbili na ubadilishe maji. Ukichelewa, jiki inakula uti na baadaye unakatika kama tambi mbichi. Kabla ya kufunga, loweka uti kwenye maji dakika 20. Mizunguko 6 hadi 8 inatosha namba 14, upande wa rangi nyeusi ukiangalia pale pale kila mara. Paka tone la supaglu juu ya uzi wa chini kabla ya kuzungusha, na rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake baadaye, tabaka moja jembamba. Matabaka matatu yanang'aa vizuri mezani lakini yanaongeza uzito.

Hariri tuipite haraka: ni laini, ni nzuri, na ikilowa juu ya ndoana nyeusi inageuka giza. Njano inakuwa matope. Ukiipenda, funika mti wa ndoana kwa uzi mweupe kwanza. Na sheria hii inahusu kila nyenzo: chagua rangi ikiwa imelowa. Zungusha kidogo kwenye ndoana, itie mate, itazame. Karibu zote zinakolea, kwa hiyo anza na iliyopauka kuliko mdudu unayemwiga.

Sponji ndiyo pekee inayobeba ndoana kweli, na ndiyo tunayotumia kwa kumbikumbi na panzi. Iwe ya vyumba vilivyofungwa: ibane chini ya maji, ikitoa mapovu ni ya kuoshea vyombo, iache. Lile karatasi jeupe la sponji linalofungiwa televisheni na simu linafaa na linapakwa rangi kwa kalamu ya maka. Ndala zinaelea pia, ila ni ngumu na nzito kwa ndoana ndogo. Tumia unene wa milimita 2 kwa namba 10 na 12, milimita 1 kwa 14 na 16. Upana usizidi mwanya wa ndoana, yaani nafasi kati ya ncha na mti. Ukizidi, sponji linaziba mwanya, samaki anafunga mdomo juu yake, na ncha haigusi chochote.

Kwa kumbikumbi, funika mti wote kwa uzi, weka tone la supaglu, laza utepe juu. Bila gundi sponji linazunguka na nzi anaelea ubavu. Mizunguko miwili ya kwanza iwe milegevu, kisha vuta taratibu. Ukivuta kwa nguvu mara moja, uzi unapita katikati ya sponji kama waya wa kukatia mche wa sabuni. Uzi wa denia 140 ulio bapa ni salama zaidi hapa. Ukishafunga nyuma, sogeza uzi kwenye mti chini ya sponji, siyo juu yake, ufunge tena mbele. Yatabaki matumbo mawili na kiuno.

Manyoya ya bata yanayozunguka tezi ya mafuta juu ya mkia yanastahili neno moja la tahadhari. Mawili yakisokotwa yanatoa kiwiliwili chepesi mno, lakini usiyapake mafuta ya silikoni. Yanagandamana na kufa. Yakilowa, yakamue kwa leso, yapulize, rusha tena.

Na nzi wa aina yoyote akishamnasa samaki, msuuze kwanza mtoni, umtikise sana, ndipo umkaushe. Ute wa trauti ukikaukia kwenye sufi unashika maji kuliko pamba, na mafuta yoyote utakayopaka juu ya ute yanaufungia ndani.