Simu inaweza kuwaelewesha watu OCD, ila anza na grupu la ukoo

Fungua TikTok utafute OCD, ule ugonjwa wa akili wa mawazo yanayomvamia mtu na matendo ya kurudiarudia. Utaletewa friji iliyopangwa chupa kwa chupa, kabati la viungo lenye vibandiko, na dada mmoja anacheka huku akisema, "Jamani, OCD itaniua." Chini yake watu wanajazana: hata mimi, hata mimi. Sina ugomvi na friji safi. Lakini mtu aliyeshiba video za namna hiyo, siku atakapomkuta mdogo wake bafuni ananawa mpaka ngozi inachubuka na bado ananawa, hatasema hii ni OCD. Atasema jini. Au atasema anajidekeza, maji yanakwisha, atoke wenzake waoge.

Mashabiki wa mpira wa rika langu wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa David Beckham, alipojitokeza mwaka 2006 na kusema kwamba anao. Kwa nyota wa kiwango chake kusema vile wakati ule halikuwa jambo dogo. Ila tulichobeba sisi ni makopo yake ya soda kwenye friji: kwamba lazima yawe jozi jozi, likizidi moja linaondolewa. Makopo yanachekesha, yanasimulika kijiweni. Mateso hayasimuliki kijiweni.

Mimi ninao ugonjwa huu. Ulianza nikiwa sekondari, ukapata jina nikiwa tayari nina mtoto. Kwa muda sasa nimekuwa nikitumia simu kuwaelimisha watu, kwanza nyumbani kwangu Dar, kisha ukoo ulioko Tanga, halafu watu wasionijua kabisa. Ushauri wangu kwa anayetaka kufanya hivyo ni mmoja: usianze na maana ya OCD wala orodha ya dalili. Waonyeshe watu jinsi inavyozunguka, na uanze na wanaoishi na mgonjwa, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoizungusha bila kujua.

Nichukue mfano wa gesi. Nimepika, nimezima jiko, nimefunga mtungi. Nafika mlangoni, linaingia wazo: je, kama hukufunga? Nyumba italipuka, mtoto yumo ndani. Moyo unadunda kweli kweli. Narudi, nashika kile kitufe, nakizungusha upande wa kufunga ingawa hakizunguki tena, nanusa. Napata ahueni. Nikifika tena mlangoni: ulipokishika, hukukifungua kwa bahati mbaya? Narudi tena. Na ile ahueni ndiyo inayoulisha ugonjwa, kwa sababu inaufundisha ubongo kwamba kurudi kulikuwa na maana, kwa hiyo kesho hofu inakuja mapema zaidi na inadai zaidi. Ni kama upele: ukiukuna unasikia raha, kisha unawasha maradufu.

Wazo lenyewe halina ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13 za mabara sita. Zaidi ya asilimia 90 walisema kwamba ndani ya miezi mitatu iliyotangulia walivamiwa na angalau wazo moja wasilolitaka: kumdhuru mtu, uchafu, kufuru, mlango ulioachwa wazi. Wengi liliwapita, wakaendelea na shughuli zao. Mwenye OCD halimpiti. Linamshika, na matendo ya kulituliza yanaweza kumla zaidi ya saa nzima kwa siku, ambacho ni kimojawapo cha vipimo madaktari wanavyotumia. Habari ya utafiti huo ndiyo ninayoituma kuliko nyingine yoyote. Mtu mzima akiisoma ananyamaza kidogo, kisha anaandika, "Kumbe hata mimi…" Hiyo "hata mimi" naipenda, tofauti na ile ya kwenye friji.

Sasa tuje kwenye aplikesheni zenyewe. Zipo zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya OCD. NOCD ya Marekani ilianzishwa na Stephen Smith, ambaye mwenyewe aliugua. Kazi yake kubwa ni kumkutanisha mgonjwa na mtaalamu kwa video, na mambo ya bima yanafuata utaratibu wa kwao. Nyingine ni GG OCD, ambayo mwanasaikolojia Guy Doron wa Israel alishiriki kuitengeneza. Hiyo inakuletea sentensi fupi fupi kwenye skrini: zinazokusaidia unazivuta kuelekea kwako, zinazokuumiza unazisukuma mbali. Dakika chache kwa siku, basi. Haichukui nafasi ya matibabu, lakini kama chombo cha kumwelewesha mtu mwingine ilinishangaza. Nilimpa mume wangu simu nikamwambia acheze. Zikaja sentensi za aina ya "lazima nijue kwa uhakika kabisa". Akazisukuma mbali, akacheka, halafu akaacha kucheka. "Hivi ndivyo kichwa chako kinavyosema siku nzima?" Nilikuwa nimemweleza jambo hilo kwa maneno mara nyingi, halikuingia.

Kwa hiyo, kama una aplikesheni ya namna hiyo, mkabidhi mwenzako aishike mwenyewe. Usimsimulie.

Tatizo ni lugha na simu. Niliyotumia mimi ilikuwa ya Kiingereza, mama hasomi Kiingereza, na bibi ana kitochi. Programu ambayo ukoo mzima unayo ni WhatsApp, na bibi husikilizishwa na wajukuu. Hapo ndipo kazi kubwa ilipofanyika, katikati ya salamu za Ijumaa na michango ya harusi.

Tuma sauti, usitume maandishi. Maelezo marefu yaliyofowadiwa kutoka hospitali hayasomwi na mtu. Yanawekewa dole gumba na kupitwa. Sauti yako wanaijua, wakisikia inatetemeka wanasikiliza. Iwe fupi, iwe na jambo moja, na mwishoni uwaambie wafanye nini. Angalia pia wakati: kama kuna msiba kwenye grupu, subiri. Yangu ilikwenda hivi, na ukitaka ichukue uigeuze iwe yako:

"Asalaam aleikum nyote. Mnaniona kila nikitoka narudi kushika kufuli. Sijarogwa na sijasahau. Kichwa kinaniambia sikufunga, na macho yameona nimefunga. Nikirudi napoa, kisha kinaanza upya. Daktari ananifundisha nisirudi, niiache hofu ipungue yenyewe. Basi mkiniona nimesimama barazani nahema, msiniambie 'umefunga, tumekuona'. Semeni tu, 'Tuko pamoja, twende.'"

Ile sentensi ya mwisho ndiyo iliyozua mjadala. Wajomba hawakuelewa kwa nini wasimtoe mtu hofu kwa neno moja la kweli. Nikawarudisha kwenye ahueni: mkiniambia nimefunga, mmenikuna. Njia hii ya kujizuia si ya jana. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, akiwa London, aliandika habari za wagonjwa wawili waliokabilishwa na walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao, wakapata nafuu kubwa. Mpaka leo tiba iliyotokana na kazi hiyo ndiyo inayopendekezwa kwanza, peke yake au pamoja na dawa.

Shangazi yeye alijibu kwa sauti ndefu, kwamba haya ni maradhi ya Kizungu na dawa yake ni kisomo. Usimbishie shangazi mbele ya ukoo. Nilimwambia kisomo nakipokea kwa mikono miwili, kisha nikamweleza kwamba Abu Zayd al-Balkhi, msomi wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuyaandika mawazo ya kujirudia kama maradhi ya nafsi, miaka mingi kabla ya hao Wazungu. Hilo lilimpendeza kuliko takwimu zangu zote.

Kilichomaliza kazi, hata hivyo, ni sheikh wa madrasa ya mtaani, ambaye amewaona vijana wanaorudia udhu mpaka swala ya jamaa inawapita. Nilimwomba aturekodie ujumbe mfupi. Akaeleza kanuni inayofahamika katika fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, kwamba yakini haiondolewi na shaka: umemaliza udhu, shaka iliyokuja baadaye haikurudishi birikani, na mwenye wasiwasi wa kudumu aipuuze. Hivyo hivyo ndivyo mtaalamu wa hospitali anavyotaka mgonjwa afanye. Kwa ndugu zetu Wakatoliki wapo wanaoungama dhambi ile ile wiki hadi wiki, na sauti ya padri mwenye busara ingefanya kazi hiyo hiyo. Ukiwa na kiongozi wa dini anayeelewa, mpe simu arekodi.

Nyumbani mambo ni magumu zaidi kuliko kwenye grupu. Ukiangalia mazungumzo yangu ya zamani na mume wangu, utaona kila asubuhi: "Nimefunga gesi?" "Umefunga." "Una hakika?" "Nina hakika, mama Salma." Alijibu kwa mapenzi, na kila jibu lilinunua utulivu wa muda mfupi tu. Siku hizi anaandika: "Najua inakutesa. Hilo sijibu. Tutaongea mchana." Mara ya kwanza nililia. Ndiyo maana nasema makubaliano hayo yafanywe mapema, mkiwa mmetulia, mgonjwa mwenyewe akiwa ameridhia, na ikiwezekana mtaalamu akiwa anajua. Ukimzimia mtu majibu ghafla kwa sababu ulisoma mahali, huo ni ukatili.

Waeleze watu pia kwamba simu yenyewe inaweza kuwa mtego. Fungua picha za mtu mwenye OCD ya kukagua utakuta kufuli, kufuli, swichi ya pasi, mtungi, kufuli. Kupiga picha ili usirudi nyumbani inaonekana ni akili, kumbe umeubeba mlango kwenye mkoba. Unaurudia ndani ya daladala, unakuza picha uone kama chuma kimeingia sawasawa. Vivyo hivyo kutafuta mtandaoni usiku wa manane, au kuuliza roboti la mazungumzo swali lile lile kwa maneno mapya. Roboti halichoki kukutuliza, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Familia inamwona mtu ametulia na simu yake, inadhani amepona.

Kuna jambo moja nashauri lisianzie kwenye grupu kabisa. Wapo wenye OCD wanaovamiwa na mawazo ya kumdhuru mtoto, au mawazo ya zinaa yanayowatia kinyaa. Nami yamenipitia: nakata vitunguu, Salma yuko pembeni, na kisu kinakuwa kizito mkononi. Mawazo haya huwatesa watu kwa sababu yanakwenda kinyume kabisa na wanachokipenda, na wengi wao huficha visu na kukwepa kumwogesha mtoto wao wenyewe. Lakini shemeji asiyejua chochote, akisikia nusu ya sauti yako, anaweza kukunyang'anya mtoto. Lianzie kwa daktari au mwanasaikolojia. Kisha mtu mmoja unayemwamini. Mimi ukoo uliambiwa baada ya kuuelewa mzunguko wa kufuli, na waliofuatilia vizuri waliona wenyewe kwamba mawazo haya nayo ni mzunguko ule ule.

Vipimo vya "je, una OCD?" vinavyosambazwa kwenye simu, mimi sivisambazi. Kile kinachotajwa sana, Y-BOCS, kilichapishwa mwaka 1989. Kina maswali 10, kila moja kuanzia 0 hadi 4, jumla 40. Kilitengenezwa kupima ukali wa ugonjwa kwa mtu ambaye tayari mtaalamu ameshauona, si kukutangazia kuwa unao. Na mwenye OCD atakirudia usiku kucha kuhakikisha kwamba alijibu sawasawa.

Ukishaanza kuweka haya mambo kwenye stetasi, watu watakuja faragha. Wengine ni majirani ambao hukuwahi kudhani. Ninachofanya ni kusikiliza, kuwaambia kwamba hawajapagawa, na kuwaelekeza wanakoweza kuonana na daktari wa magonjwa ya akili: Muhimbili kwa walio Dar, Mirembe kwa walio Dodoma, waliopo Nairobi nawatajia Mathari, Kampala Butabika. Kwa aliye mbali na miji hiyo namwambia aanzie hospitali ya mkoa wake. Wakiuliza dawa, nawaeleza kwamba zipo, fluoksetini na klomipramini zikiwamo, kwamba klomipramini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwamba mara nyingi huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama zimefaa, kwa hiyo wasizitupe wiki ya pili. Dozi sitaji. Na anayeniuliza kwa mara ya tatu kama nina hakika kwamba yeye si mtu mbaya, namjibu kama ninavyojibiwa nyumbani.